Rangi za Mnyororo wa Hortense

Marwa hakujua kuogelea. Tuanzie hapo, maana yeye mwenyewe asingeanzia hapo hata ukimshikia panga. Yeye angekuanzia na miaka yake ishirini na moja kwenye gati la boti za matanga hapa Durban, na minyororo aliyoipaka rangi, na nanga alizozifunga kwa mikono yake, mpaka wageni kutoka nchi za mbali wakiingia bandarini swali lao la kwanza ni kama yule Marwa bado yupo. Yote hayo ni kweli. Lakini mtu aliyezaliwa kwenye milima ya Tarime na kukulia nyuma ya ng'ombe, maji aliyoyajua ni ya kisima na ya mvua, na bahari ya Durban ameifanyia kazi miaka yote hiyo bila kuiingia kupita magoti. Gatini hakuna anayekuuliza. Ukishika kamba vizuri, watu wanadhani mengine yote unayajua.

Aliyekuja kumuumbua ni Tito, na wala hakukusudia.

Tito ni mwanamume wa miaka thelathini na tatu, mtu wa Kyela, aliyekulia kando ya Ziwa Nyasa. Alifika Durban miaka sita iliyopita na begi moja na namba ya simu ya Marwa. Marwa alimpokea, akamlaza sakafuni kwake, ghorofa ya saba pale South Beach, kwa miezi mitatu, akampeleka gatini na kumfundisha kazi. Alimfundisha kusugua tumbo la boti, kusuka jicho, yaani kitanzi, mwisho wa kamba, na zaidi ya yote kutia nanga. "Nanga haitupwi, inashushwa," alikuwa akimwambia. "Unatoa mnyororo kidogo, unangoja ulale chini. Unatoa tena, unangoja ulale. Mwenye haraka anarundika chuma juu ya chuma, na upepo ukigeuka boti linaondoka naye." Tito alikuwa mwepesi wa kushika mambo. Alipomleta mkewe Scola, Marwa akawa shemeji wa nyumba, na kila Jumapili alikula ndizi za nyama kwao, kwa sababu mkewe mwenyewe, Sesilia, yuko Tarime na watoto na wanaonana kwa simu.

Kwa hiyo hapakuwa na ubaya wowote kati yao. Ubaya uliingia mwezi wa kumi mwaka jana, pamoja na Bertrand.

Bertrand alikuwa Mfaransa mstaafu mwenye boti la matanga liitwalo Hortense, jina la mama yake. Aliingia akitokea Reunion, akitaka kuzunguka rasi ya Cape, avuke Atlantiki mpaka visiwa vya Karibi. Mwanawe aliyekuwa naye alichoka na bahari akapanda ndege kurudi kwao, na mzee akabaki anatafuta mtu mmoja wa kusafiri naye. Gati zima lilijua ni Marwa. Marwa mwenyewe alijua ni Marwa. Alikuwa ameshanunua koti la mvua na kumweleza Sesilia, na Sesilia ameshaeleza nusu ya Tarime.

Bertrand akasema atawatoa wote wawili, Marwa na Tito, siku moja nje ya mlango wa bandari awaone kazini. Marwa alifanya kila kitu vizuri kuliko mwenzake. Alipandisha tanga, akashika usukani, akashusha nanga karibu na ufukwe na kuipandisha bila kelele. Wakati wa kurudi, mzee akazima injini, akachukua lile boya la kujiokolea, akalirusha majini. Akasema mmoja wao aliruke alilete.

Tito hakuruka. Adabu ilimzuia, akamgeukia mkubwa wake. "Kaka, unatangulia?"

Marwa aliyaangalia yale maji, kijani na yenye mgongo wa wimbi, na akasema goti linamsumbua.

Tito akaruka. Alipokuwa kule anapiga mbizi kwa raha zake, Bertrand alimuuliza Marwa taratibu kama anajua kuogelea, na Marwa akainama kukunja upya kamba iliyokuwa imeshakunjwa, na hilo likawa jibu. Mzee hakumcheka. Alisema tu kwamba baharini watakuwa wawili, na yeye akianguka usiku, nani atamfuata. Ilikuwa hoja nzuri na Marwa hakuwa na la kuipinga, na hilo ndilo lililomchoma. Angeonewa angepata pa kulalamikia.

Tito mwenyewe alimfuata jioni ile. "Kaka, nikatae? Ukisema nikatae, nakataa."

"Nenda bwana," Marwa akasema. "Kwani mimi nikafanye nini kule?"

Tuseme kama lilivyo: Marwa alishikwa na wivu. Haukuwa ule wivu wa kutamani kidogo halafu ukasahau. Ilikuwa ile roho ya kwa nini, inayoamka na wewe asubuhi na kukaa nawe kwenye kikombe cha chai. Kwa nini yeye, niliyemfundisha. Kwa nini si mimi, niliyetangulia. Alijikaza kisabuni, akacheka na watu, akampongeza mbele za watu, na akila Jumapili kwa Scola nyama ilikuwa haina ladha.

Ndipo ukaja mnyororo.

Kabla boti halijaondoka, mnyororo wa nanga hutolewa wote, ukatandikwa gatini, ukapakwa rangi kila mita kumi, ili mtu aliyesimama mbele ya boti akiushusha ajue ametoa kiasi gani. Kila fundi ana mpangilio wake. Wa Marwa ni nyekundu, njano, nyeupe, kisha unaanza upya. Nyekundu ni kumi, njano ishirini, nyeupe thelathini. Hapimi kwa utepe. Ana fimbo ya mita mbili na nusu, mara nne ni rangi moja, na gatini hakuna asiyejua hesabu hiyo.

Siku ile Hortense ilipotandikiwa mnyororo wake, mita sitini, Bertrand na Tito walikuwa wamekaa juu ya sitaha na ramani. Mzee alikuwa akimwonyesha visiwa kimoja kimoja kwa kidole, na Tito akicheka. Marwa alikuwa amepiga magoti juu ya zege na brashi mkononi. Alipima fimbo mbili, akasikia kile kicheko, akapaka nyekundu. Akapima mbili nyingine akapaka njano. Alikuwa ameshapaka nyeupe alipogundua kwamba amepima nusu, kwamba kila rangi imekaa kwenye tano badala ya kumi.

Mpaka hapo lilikuwa kosa tu. Kopo la thina lilikuwa pembeni yake na tambara juu yake. Ilikuwa kazi ya dakika tano kufuta na kuanza upya.

Aliliangalia lile kopo. Kule juu Tito akasema kitu na mzee akampiga begani, kama baba na mwana. Marwa akachovya brashi na kuendelea na fimbo mbili mbili mpaka mwisho, rangi kumi na mbili badala ya sita, safi, zimekolea, kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuzifanya. Kisha akausaidia mnyororo kushuka kwenye chumba chake cha giza ndani ya boti, na asiseme neno.

Hakuwa mjinga. Alijua maana yake. Siku Tito atakapotia nanga kwenye maji yanayohitaji mita thelathini, ataona nyeupe, atafunga, na chini kutakuwa na kumi na tano. Upepo ukija, nanga itakwanguka mchangani na boti litakwenda litakako. Marwa hakutaka mtu afe. Alichotaka, na alikitaka kwa utamu fulani uliomtia aibu hata akiwa peke yake, ni Tito aharibu. Aharibu kidogo, mbele ya mzee wake, arudishwe kwa ndege, na Jumatatu moja wakutane gatini wote wawili na brashi zao.

Hortense iliondoka mwanzo wa mwezi wa kumi na mbili. Kuanzia hapo Marwa akawa anaishi na simu.

Tito hakuwa mtu wa majivuno, lakini stetasi ni stetasi. Leo Tito na mlima wa Cape Town nyuma yake. Kesho Tito na samaki mkubwa. Juma la tatu la Januari Tito amenyoa upara katikati ya Atlantiki. Watu wote wa South Beach wanaojua Kiswahili walikuwa wakimfuatilia, na kila aliyekutana na Marwa kwenye robot, taa za barabarani, au kwenye taxi alimwambia habari za Tito akidhani anampa zawadi. Sesilia naye, mke wa ndoa, alipiga kutoka Tarime kusema ameziona zile picha. "Yule si mwanafunzi wako?" akauliza. "Sasa wewe ulibaki kufanya nini?" Marwa alisema mtandao unakatika, akakata.

Mara tatu aliandika ujumbe. *Tito, kuhusu ile rangi.* Mara tatu akaufuta. Alijiambia bado kuna wakati, maana Cape Town walifunga gatini, kwenye kisiwa cha Mtakatifu Helena walifunga kwenye boya la bandari, na Brazil wakafunga gatini tena. Nanga haikuhitajika. Na kila alipoufuta ule ujumbe alijisikia mwepesi kwa muda, kisha mzito kuliko mwanzo.

Katikati ya mwezi wa tatu, Alhamisi, saa kumi na moja jioni, alikuwa akipita mbele ya saluni ya Marie-Claire, Mkongo wa Bukavu ambaye Scola anamsukia wateja. Marie-Claire alitokeza kichwa mlangoni.

"Papa Marwa, ingia mbio. Bwana ya Scola iko kwa vidéo. Bateau, ile boti, inafika kwa kisiwa sasa hivi, vraiment."

"Niko na haraka, mama."

"Haraka ya nini? Si ni weye ulimufundisha? Kuja, kiti ya mbele ni yako."

Wakamvuta. Simu ya Scola ilikuwa imebandikwa kwenye kioo kikubwa kwa utepe, wanawake sita wameizunguka, wengine na nywele nusu. Scola alikuwa amesimama karibu kabisa, kitana bado mkononi. Aligeuka akamtabasamia Marwa. "Shemeji, umefika wakati wenyewe. Anatia nanga."

Tito alikuwa ameifunga simu yake kwenye reli ya mbele ya boti, kwa hiyo walimwona yeye, miguu peku, akiwa ameinama juu ya winchi ya mnyororo. Nyuma yake alikuwa Bertrand kwenye usukani. Na nyuma ya Bertrand kulikuwa na kijiji kizima: nyumba za bluu na za njano zimepandiana mlimani, kanisa, gati lililojaa watu na makreti, mitumbwi ya wavuvi yenye injini ikikatiza huku na huku, feri inapiga honi ikitaka kutoka, na boti za matanga zisizopungua thelathini zimebanana kwenye ghuba moja. Muziki wa ufukweni ulifika mpaka South Beach. Ilikuwa asubuhi kule, na maji yalikuwa na rangi ambayo Marwa alikuwa ameiona kwenye kalenda tu.

Wivu ulimpanda mpaka masikioni. Hapa, akajisemea. Hapa ndipo ningesimama mimi.

"Six!" Bertrand akapaza sauti kutoka nyuma. Kina cha maji, mita sita. Marwa hakuhitaji kufikiri. Mita sita, ghuba imejaa, upepo unasukuma kuelekea kijijini: mita thelathini, si pungufu.

Nanga ikashuka. Winchi ikanguruma na mnyororo ukaanza kutoka. Nyekundu ikapita, aliiona vizuri. Winchi ikasimama, ikaendelea. Njano. Wanawake walikuwa wakipiga vigelegele vidogo vya mzaha. Hatua chache nyuma ya usukani wa Hortense kulikuwa na boti jeupe pana, watu wazima wawili wanakunywa chai juu yake, na nyuma yao ile feri.

Ikaja nyeupe. Tito akainua mkono, Bertrand akaona, winchi ikanyamaza.

Ndiyo siku yenyewe, ile aliyoitaka. Ilikuwa imekuja na watazamaji na kiti cha mbele. Marwa alitazama mgongo wa Tito, na mguu wa Scola uliokuwa ukigongagonga sakafu kwa furaha, na alingoja aone utamu, na utamu haukuja.

"Tito, usifunge," akasema. Akasimama, akakisogelea kile kioo mpaka akaiona sura yake mwenyewe kando ya simu. "Tito. Usifunge hapo. Hiyo si thelathini. Ni kumi na tano. Nilipaka kwa fimbo mbili. Kila rangi ni tano."

Mtu akazima kikausha nywele.

Kule kwenye kioo Tito aligeuka taratibu, akainamia simu, akatabasamu. "Shikamoo, kaka. Kumbe upo hapo."

"Umenisikia?"

"Nimekusikia. Sijafunga, nangoja ulale." Alionyesha kwa kidole chini, mnyororo ulikokuwa ukijinyoosha polepole boti likirudi nyuma. "Unatoa, unangoja ulale. Si wewe uliyenifundisha?"

Kitu alichokifundisha Marwa mwenyewe mara mia, safari hii alikiona na hakukitambua.

"Na ya rangi niliijua kitambo," Tito akaendelea, kwa sauti ya kawaida kabisa, akiangalia maji. "Kule Mtakatifu Helena sikuwa na kazi, nikautoa mnyororo wote nikaupima kwa mikono. Kapteni aliwaka, akauliza nani kapaka hivi. Nikamwambia ni mimi, hesabu zilinipotea. Yakaisha. Usiwe na wasiwasi, kaka, kila mtu hukosea."

Alimfungulia mlango wa kutokea, na alikuwa anamaanisha. Marwa alichotakiwa kufanya ni kupita tu. Marie-Claire alikuwa tayari ameanza kucheka, "Eish, Papa Marwa, ulitutisha," na wanawake wakaanza kurudi kwenye viti vyao.

Scola hakurudi popote. Alikuwa akimtazama Marwa usoni. Ni mtu aliyemlisha miaka mingi na anazijua sura zake.

"Shemeji," akasema. "Ulikosea?"

"Mwanzo nilikosea."

"Na mwisho?"

Kitana kilikuwa bado mkononi mwake, kimetulia. Hakuna aliyemsaidia Marwa, na yeye hakuinua macho kutoka sakafuni, penye nywele zilizokatwa. Wote walielewa, kuanzia Marie-Claire mpaka mteja ambaye hakumjua Marwa wala Tito.

"Mume wangu analala juu ya mnyororo ule," Scola akasema.

"Kaka," Tito akaita kutoka kule. Sijui kama alisikia au mtandao ulimficha. "Umelala sasa. Natoa tena. Nihesabie basi."

Winchi ikanguruma. Marwa alijilazimisha kuangalia. Nyekundu ikapita kwenye omo, pale mbele ya boti, nyekundu yake mwenyewe, imekolea kama siku aliyoipaka.

"Ishirini," akasema.

"Ishirini," Tito akaitikia. Akangoja. Njano.

"Ishirini na tano."

"Tano. Haya."

Nyeupe ya pili.

"Thelathini," Marwa akasema. "Funga."

Tito akafunga. Bertrand akarudisha boti nyuma kwa injini, mnyororo ukakaza, Hortense ikainamisha kichwa kidogo na kusimama. Haikusogea. Lile boti jeupe likabaki palepale na chai yao, na feri ikapita zake. Bertrand akampungia Tito mkono. Saluni ikapiga makofi kwa ajili ya Tito, makofi ya kweli, na Marwa naye akapiga kwa sababu mikono haikujua pa kukaa.

Scola aliagana na mumewe, akabandua simu kwenye kioo na kuanza kuutoa utepe kwa kucha, kipande kwa kipande. Hakumwangalia Marwa.

"Shemeji," akasema, "Jumapili usije."

Marwa akapanda ghorofa zake saba. Kutoka dirishani kwake kuna kipande chembamba cha bahari kati ya ghorofa mbili, na amekuwa akikiangalia miaka yote hiyo, lakini jioni ile alikaa akiwa amekipa mgongo. Saa moja na nusu simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka kwa Tito, na nyuma yake ule muziki wa kijijini na watu wanaitana.

"Kaka, Scola ana hasira, zitapoa, muda tu. Nilitaka kukwambia kitu kimoja. Rangi yako. Miezi mitatu na nusu chumvini, kaka, na haijabanduka hata mahali pamoja. Wenye boti za jirani wamekuja kuniuliza ni fundi gani. Nimewaambia jina lako, na namba nimewapa. Haya, usiku mwema."

Marwa akausikiliza mara mbili. Kisha akaiweka simu mezani kifudifudi.